Majina yaliyomo kwenye simu yako si mali yako peke yako

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua niongezee neno kwenye makala yenu ya hivi karibuni kuhusu programu hatari za simu. Mliwashauri wasomaji wapakue programu kutoka Play Store tu, wasifungue linki wasizozijua, na wafute programu wasizozitumia. Ni ushauri mzuri na sina ugomvi nao. Mimi ni fundi simu, kibanda changu kiko Ngamiani hapa Tanga, na wengi ninaowahudumia ushauri huo hauwafikii. Simu zao waliwekewa kila kitu na muuzaji siku walipozinunua. Programu zilizofuata walitumiwa na ndugu kwa WhatsApp, au walirushiwa kijiweni kwa Xender ili wasimalize bando. Mtu wa namna hii hana habari kwamba kuna duka rasmi na lisilo rasmi, na hakuna siku aliyokaa akachagua programu. Programu humjia yenyewe.

Tena kuna jambo ambalo makala yenu haikuligusa kabisa, nalo ndilo lililonifanya nishike kalamu: anayeumizwa na programu mbaya mara nyingi ni mtu ambaye hakuipakua.

Alikuja kibandani mama mmoja anayeuza samaki pale Deep Sea. Alikuwa anatumiwa meseji na namba asizozijua, asubuhi, mchana na usiku, kwamba kuna mtu anadaiwa na yeye ndiye mdhamini wake, na deni lisipolipwa picha yake itasambazwa. Mama yule hajawahi kukopa kwa simu. Alichotaka kwangu ni nimwondolee kirusi. Nikaikagua simu yake, programu moja baada ya nyingine, nikaikuta safi. Ndipo nikazisoma zile meseji upya na kuona zimemwita "Mama Samaki Deep Sea". Nikamuuliza, "Mama, ni nani aliyekuandika hivi kwenye simu yake?" Akaanza kuwapigia wateja wake mmoja mmoja, na kabla hajaondoka kibandani akampata: mama lishe wa Muheza ambaye huchukua samaki kwake. Huyo ndiye aliyekopa, kupitia programu aliyotumiwa kwa linki. Alipoifungua ilimuuliza kama anairuhusu ione majina yaliyomo kwenye simu, akabonyeza "ruhusu", kwa sababu bila hivyo ilikuwa haiendelei. Meseji zikaenda kwa mkwe wake, kwa mwalimu wa mwanawe, kwa ustadhi wa madrasa, na kwa muuza samaki ambaye hata jina kamili la mkopaji alikuwa halijui.

Mkopo wenyewe ulikuwa hivi. Aliomba shilingi 100,000. Kabla hazijamfikia zikakatwa za "ada ya huduma" na "ada ya uhakiki", akapokea pungufu sana ya hapo, na baada ya siku saba akatakiwa kurudisha laki nzima na riba juu yake. Siku ya sita meseji zilikwishaanza. Mtaani mikopo ya aina hii tunaiita kausha damu, na yule mama lishe alipofika kwangu wiki ile alikuwa amefunga banda lake kwa sababu ya aibu. Alikuwa anadaiwa na programu asiyoijua ofisi yake iko wapi, na wateja wake wote walikuwa wanajua.

Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majina ya majukwaa na programu 69 za mikopo ya mtandaoni zilizokuwa zinafanya kazi bila leseni, ikawaonya wananchi wasizitumie. Miezi michache kabla yake, Agosti 2024, ilikuwa imetoa mwongozo kwa wakopeshaji wa kidijitali unaodai uwazi wa riba na ada, ustaarabu katika kudai, na kulinda siri za mteja. Orodha ile niliibandika ukutani kibandani. Ilisaidia, kwa maana watu walikuwa wanakuja wanaisoma kwa kidole wakitafuta jina la programu waliyonayo. Lakini programu haina jengo la kufungwa kwa kufuli. Ikitajwa leo kwa jina hili, hurudi mwezi ujao ikiwa na jina lingine na rangi nyingine, na ndani ni ileile, na maneno ya kutisha ni yaleyale. Kwa hiyo nikaacha kuwafundisha wateja wangu majina ya programu. Nikaanza kuwafundisha kusoma ruhusa.

Hapa naomba wasomaji wanifuatilie kwa makini. Tangu tarehe 31 Mei 2023 Google imezikataza programu za mikopo binafsi zilizomo Play Store kufikia majina ya simu, picha na video za mteja, na mahali hasa alipo. Maana yake ni kwamba mkopeshaji anayefuata utaratibu wa duka lile haombi kabisa kuona majina yako. Basi programu ya mkopo ikikuuliza "Je, uiruhusu ifikie anwani zako?", yaani majina na namba zilizomo kwenye simu yako, imekwisha kujitambulisha ni nani. Huhitaji kujua jina lake wala kusoma masharti yake marefu. Ndiyo maana wakopeshaji wa namna hii wanapenda kukutumia faili la programu kwa WhatsApp au kwa meseji yenye linki. Wanakwepa duka lenye sharti hilo. Faili lenyewe jina lake huishia na herufi "apk", na kabla halijaingia simu itakuuliza kama unaruhusu kusakinisha programu kutoka chanzo kisichojulikana. Swali hilo limewekwa pale kwa ajili yako. Mteja akiniambia limemtokea na hajui ajibu nini, namwambia ajibu hapana, kisha aje tuongee.

Na tufike kwenye hayo majina. Katika simu ya mtu mzima wa hapa Tanga kuna mamia ya watu. Mle kuna daktari wake, kuna jirani, kuna mtu aliyeuziana naye kiwanja, kuna binti wa dada aliyehamia Muscat, kuna mtu aliyekutana naye msibani wakapeana namba. Hakuna hata mmoja kati yao aliyeulizwa. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na tunayo Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayopokea malalamiko. Ninavyoielewa mimi, yule muuza samaki ana haki ya kulalamika kwa jina lake mwenyewe, kwa sababu namba yake imechukuliwa na kutumiwa bila yeye kujua, hata kama hana mkopo na hana programu. Nimemwambia hivyo. Akaniuliza, "Sasa mwanangu, mimi nimshitaki nani? Hiyo kampuni naijua?" Sikuwa na jibu la kumtosha, na hilo naliacha mbele ya wahusika walijibu.

Kosa kubwa lingine liko kwetu sisi watu wa simu, na nataka kulisema wazi ingawa najua kuna wenzangu hawatapenda. Mteja anaponunua simu, hasa mtu mzima au mtu aliyetoka kijijini, muuzaji au fundi humfungulia akaunti ya Google. Wengine hawafungui mpya. Wanaweka barua pepe ya duka, ileile waliyoiweka kwenye simu ya mteja wa jana na wa juzi. Mteja anashukuru, analipa, anaondoka, na wala hajui kama kuna barua pepe. Watu wengi hudhani ubaya wa jambo hili ni kwamba simu ikija kufutwa mteja atakwama kwa kutojua nywila. Huo ndio ubaya mdogo. Mwenye akaunti ile anaweza kukaa mbele ya kompyuta yake, akafungua tovuti ya Play Store, akachagua programu, na ikaingia yenyewe kwenye simu ya mteja aliyeko Lushoto. Anaweza kuitafuta simu ile iko wapi kwenye ramani. Na majina anayoyahifadhi mteja yanaweza kupanda kwenye akaunti ile bila yeye kubonyeza chochote. Hata kama muuzaji ni mtu mwema, siku nywila yake ikiibwa, simu zote alizoziuza zimeibwa pamoja nayo.

Nawaomba mafundi na wauza simu wenzangu, kuanzia sisi wa Ngamiani hadi wale wa stendi ya Kange: tuache. Kufungua akaunti mpya kwa jina la mteja na kwa namba yake mwenyewe huchukua dakika chache tu. Nywila aichague yeye, aiandike yeye kwenye daftari lake, sisi tugeuke pembeni. Mteja asiyejua kusoma aje na mwanawe au mjukuu wake. Na kwa wasomaji ambao simu zao ziliandaliwa na mtu mwingine, fungueni Mipangilio, tafuteni sehemu ya akaunti, mwangalie barua pepe iliyomo ni ya nani. Ukikuta jina usilolijua, usiifute kwa haraka ukiwa peke yako, maana majina na picha zako huenda zimehifadhiwa humo. Nenda kwa mtu unayemwamini, fungueni akaunti yako kwanza, hamisheni majina, ndipo ile ngeni iondolewe.

Kuna na hili la WhatsApp zisizo za kweli. Vijana wanazipenda GB WhatsApp, FM WhatsApp, Yo WhatsApp na ndugu zao, kwa sababu zinaonyesha meseji iliyofutwa, zinapakua stetasi za watu na kuficha kwamba umeisoma meseji. Hazimo Play Store, kwa hiyo zote hupita mlango wa "apk". Mwezi Agosti 2021 watafiti wa kampuni ya usalama ya Kaspersky walikuta toleo moja la FMWhatsApp limebeba kirusi kinachoitwa Triada, na Oktoba 2022 wakakikuta tena kwenye toleo la YoWhatsApp, safari hii kikiiba funguo za akaunti ya mtumiaji. Kirusi cha aina hiyo kikiingia huweza kuleta vingine nyuma yake, kufungua matangazo usiyoyaona, na kukuunganisha na huduma za kulipia hadi salio likauke. Mtu anakuja kwangu analalamika, "Fundi, mtandao huu unaniibia vocha." Nikifungua simu nakuta WhatsApp mbili, moja ya kijani ya kawaida na nyingine ya rangi ya dhahabu aliyopewa na rafiki. Na hawa wanaotumia programu hizo wakumbuke kwamba WhatsApp yenyewe huzifungia namba zinazoingia kwa programu isiyo yake.

Mchezo wa mpira nao umekuwa mlango. Programu za kuangalia ligi ya Uingereza bure, programu za "mkeka wa uhakika", programu za bando la bure, programu za kusafisha simu na kuongeza kasi. Hizi sitazieleza kwa urefu. Yoyote kati ya hizi ikiomba kusoma meseji zako, iondoe. Kuangalia mpira hakuhitaji meseji.

Nirudi kwenye Play Store, kwa sababu makala yenu iliwapa watu imani kubwa mno nayo. Duka lile ni salama kuliko njia nyingine zote ninazozijua, na mimi mwenyewe ndiko ninakowapeleka wateja. Lakini nalo huingiliwa. Januari 2020 Google wenyewe walieleza kwamba walikuwa wameondoa programu zipatazo 1,700 za kundi moja tu la wizi, linalojulikana zaidi kwa jina la Joker, ambazo wamiliki wake walikuwa wanazipenyeza kila mara kwa sura mpya. Kazi ya Joker ni kumwandikisha mtu kwenye huduma za kulipia kupitia meseji bila yeye kujua. Kwa hiyo hata ukiwa dukani, angalia programu inaomba nini. Tochi haihitaji majina. Kalenda ya Kiislamu inaweza kuhitaji kujua uko mji gani ili ikupe saa za sala, hilo lina mantiki, lakini haihitaji kusikiliza kinasa sauti chako wala kutuma meseji. Swali ni moja tu: kazi niliyokuitia, unahitaji hiki kwa ajili gani? Kama jibu halipo, kataa ruhusa ile. Programu ya haki itaendelea kufanya kazi yake. Ile inayosusa na kujifunga mpaka upewe kila kitu, iondoe.

Kati ya ruhusa zote, iko moja ninayoiogopa kuliko nyingine. Kwenye simu zilizo kwa Kiswahili utaikuta chini ya neno "Ufikivu". Kwenye simu ya Kiingereza tafuta alama ya mtu aliyenyoosha mikono. Iliwekwa kwa nia njema. Ninaye mteja, mzee asiyeona, ambaye simu yake humsomea kila kilichoko kwenye kioo kwa ruhusa hiyohiyo, na kwayo anapiga simu, anapokea hela, anasikiliza habari bila kumsumbua mtu. Lakini ruhusa inayoweza kumsomea mzee yule kioo kizima na kumbonyezea vitufe, inaweza pia kumsomea mwizi. Programu ikipewa ruhusa hiyo inaona unachoandika na inaweza kubonyeza badala yako. Watu wengi huku kwetu hudhani wako salama kwa sababu hawatumii programu ya benki, wanatoa na kutuma hela kwa kupiga *150*00# au *150*60# na nyinginezo. Naomba waelewe kwamba kile kidirisha kinachotokea ukipiga namba hizo nacho kiko kwenye kioo hichohicho, na kinasomeka.

Inayofuata kwa ubaya ni ruhusa ya kujionyesha juu ya programu nyingine. Hiyo humwezesha mwizi kutandaza ukurasa wake wa uongo juu ya ukurasa wa kweli wa benki, ukaandika namba ya siri ukidhani unaiandikia benki. Tangu Android 13, iliyotoka mwaka 2022, simu huweka kizuizi programu ya "apk" inapotaka kupewa ile ruhusa ya Ufikivu. Ndipo utaona wezi wamekuandalia hata video ya kukuelekeza namna ya kukiondoa. Mtu asiyekujua akikuelekeza kwa simu ufungue Mipangilio ubonyeze hiki na kile, kata simu. Mfanyakazi wa kweli wa benki au wa mtandao hana shida ya ruhusa hiyo kwenye simu yako.

Kutoka India nimesoma habari inayonitia wasiwasi kwa ajili yetu. Mwaka 2024 polisi wa huko waliwaonya wananchi kuhusu kadi za mwaliko wa harusi zinazotumwa kwa WhatsApp, ambazo ukizifungua kumbe ni faili la programu linaloingia kwenye simu na kuiba. Waandishi, angalieni jinsi tunavyoishi sisi. Kila mmoja wetu yumo kwenye makundi ya michango ya harusi, send-off na misiba, na kadi siku hizi zinatumwa kwa simu. Kadi ya kweli huja kama picha, au kama faili la kusoma, au kama meseji yenye maneno. Ikija kadi ambayo simu inataka "kuisakinisha", hiyo si kadi, hata kama imetumwa na shangazi yako. Yawezekana shangazi mwenyewe simu yake imeshaingiliwa na inatuma bila yeye kujua. Mpigie kwa sauti umuulize.

Sasa kwa yule ambaye ameshafanya, na pengine anasoma barua hii huku moyo unamwenda mbio. Kwanza zima data na Wi-Fi. Programu isiyo na mtandao inakuwa na njia chache za kupeleka ilichoiba. Kisha chukua simu ya mtu mwingine unayemwamini, mwenye laini ya mtandao kama wako, piga 100 huduma kwa wateja wa mtandao wako, waeleze, waombe wazuie akaunti yako ya fedha kwa muda. Benki nayo ipigie. Nywila za barua pepe zibadilishe ukitumia simu ile nyingine, kwa sababu ukizibadilisha kwenye simu iliyoingiliwa unampa mwizi nywila mpya badala ya zile za zamani. Baada ya hapo ndipo uje kuiondoa programu yenyewe. Zipo zinazogoma kutoka, kitufe cha kuondoa kimefifia. Hizo zimejipa cheo cha msimamizi wa kifaa. Tafuta kwenye Mipangilio sehemu ya usalama, zivue cheo hicho kwanza, ndipo kitufe kitakubali. Zikigoma hata hapo, washa simu katika hali salama, ambayo simu nyingi huileta ukishikilia kwa muda neno la kuzima linalotokea kwenye kioo. Katika hali hiyo programu ulizoziongeza hulala, na unaweza kuziondoa zikiwa hazina nguvu. Ikishindikana kabisa, simu irudishwe kama ilivyotoka kiwandani, baada ya kuhifadhi picha na majina. Mafaili ya "apk" usiyahifadhi. Nimeona watu wakirudisha simu kiwandani kisha wakarudishia faili lilelile kutoka kwenye memori kadi.

Na aliyeingia kwenye programu ya mkopo ya namna ile niliyoieleza, aelewe kwamba kuifuta hakuyarudishi majina. Yalishachukuliwa ile dakika aliyobonyeza "ruhusu". Kinachosaidia ni kuwahi kusema. Yule mama lishe wa Muheza nilimshauri aandike stetasi na meseji fupi kwa watu wake: "Programu ya mkopo imechukua namba zenu kwenye simu yangu. Mkipata meseji za vitisho kwa jina langu msijibu, msilipe, na msibonyeze linki." Alisita sana. Alipotuma, watu walimpigia kumpa pole, na wawili kati yao wakamwambia kwamba nao wamo kwenye shida hiyohiyo na walikuwa wanaificha. Meseji za vitisho asizifute, apige picha ya kioo, aziweke, maana ndizo ushahidi wake polisi na kwenye Tume. Zile za utapeli zitumwe pia kwenda 15040, namba iliyowekwa na TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, kwa kazi hiyo.

Kuna watakaosema kwamba watu waache tu kukopa kwa simu. Sikubaliani nao. Mama lishe anahitaji mtaji wa unga na mafuta leo saa kumi na moja alfajiri, na benki inafungua saa mbili na nusu na kumuuliza hati ya nyumba. Mikopo ya halmashauri ya asilimia 10, ile ya wanawake, vijana na wenye ulemavu, kwa kawaida ni ya vikundi, na inataka subira. Vikoba vinasaidia, lakini zamu yako huenda ni mwezi ujao. Haja ya laki moja ya haraka ipo na itaendelea kuwapo, na wakopeshaji wa simu wenye leseni wapo. Kinachokosekana ni njia ya mtu wa kawaida kumtambua mwenye leseni kabla hajabonyeza.

Na hapa ndipo ombi langu lilipo, kwa Benki Kuu na kwa TCRA kwa pamoja. Orodha ya wakopeshaji wenye leseni iko kwenye tovuti. Mama lishe hafungui tovuti. Lakini leo hii mtu yeyote mwenye simu ya tochi anaweza kupiga *106# akajua ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chake cha NIDA. Hilo linawezekana na watu wanalitumia, hata hapa kibandani nawapigia wazee kila siku. Tupewe namba kama hiyo kwa wakopeshaji: mtu apige bila bando na bila salio, aandike jina la programu au la kampuni, ajibiwe kwa Kiswahili kama ina leseni au haina. Nanyi, ndugu Mhariri, kama mtakubali, iwekeni namba hiyo juu ya ukurasa wa biashara kila wiki siku itakapopatikana. Mpaka hapo chapisheni orodha ya wenye leseni, kwa herufi kubwa, tuikate tuibandike vibandani.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Fundi simu,
Ngamiani, Tanga